Kuku wa Eafraya Anayeiva Hadi Mfupani: Uzito, Muda na Hatua Zote

Simu huanza kuingia Jumapili saa saba mchana, wakati wali umeshapakuliwa na watoto wamekaa mkekani. “Dada, kuku juu amekuwa mwekundu vizuri kabisa, nimekata paja, damu.” Au kinyume chake: “Shemeji, kidari kimekauka, kinasokoteka mdomoni kama pamba.” Na mara nyingi ni kuku mmoja huyohuyo: kidari kimekauka na paja halijaiva.

Nimeshajibu swali hili kwa sauti, kwa maandishi na kwa kwenda jikoni kwa mtu nikasimama naye. Kila mara nakuta kosa ni lilelile. Mpishi amebonyeza kitufe chenye picha ya kuku kwenye eafraya yake, ile mashine ya umeme inayooka kwa hewa ya moto, au amechukua dakika za mapishi fulani bila kujua kuku wa mapishi hayo alikuwa na kilo ngapi. Kitufe hakijui uzito wa kuku wako, hakijui kama tumboni bado ana barafu, wala hakijui umeme wa mtaani kwenu jioni ukoje. Muda unatoka kwa kuku mwenyewe: uzito wake, unene wa kipande na ubaridi aliotoka nao.

## Andaa hivi kwanza

- Kuku wa kisasa mmoja, kilo 1.2 hadi 1.5 akiwa ameshasafishwa, au vipande vyenye ukubwa unaokaribiana.
- Mizani ya jikoni. Kama huna, muuzaji anayo. Mwambie akupimie kuku akiwa ameshatolewa utumbo, kichwa na miguu, uandike uzito huo.
- Kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano ndefu. Kama kuna kitu kimoja cha kununua baada ya kusoma mwongozo huu, nunua hiki.
- Chumvi laini, vijiko viwili vya chai kwa kuku wa kilo 1.2.
- Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, bizari, ndimu moja, na mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa.
- Koleo la mbao au la silikoni. Chuma hukwangua rangi ya ndani ya kikapu cha mashine, pale kuku anapokaa.
- Taulo za karatasi na sahani mbili: moja ya kuku mbichi, nyingine ya kuku aliyeiva. Zisichanganywe hata kidogo.

Kuhusu ukubwa wa mashine: kikapu cha lita 5 na nusu kwenda juu hupokea kuku mzima wa kilo 1.2 hadi 1.4. Cha lita 3 au 4 usikilazimishe. Kuku akigusa koili ya juu, ile inayotoa moto, ngozi itaungua kabla nyama haijapata joto, na mafuta yake yatatoa moshi utakaojaza sebule. Kwa mashine ndogo, kata vipande, au mpasue mgongo umlaze kama nitakavyoeleza mbele.

## Kwanza ujue una kuku gani

Dakika zote ninazotoa hapa ni za kuku wa kisasa, yule wa wiki tano au sita, mwenye nyama laini na mafuta chini ya ngozi.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Ametembea, amekimbia, misuli yake imekomaa na nyuzi zinazoshikilia nyama ni ngumu. Hewa kavu ya eafraya haiwezi kuzilainisha, itamkausha tu. Hata kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, ambaye sokoni wakati mwingine huuzwa kwa jina la kienyeji, yuko kundi hilohilo. Utamtambua kwa mfupa mgumu wa kidarini: bonyeza ncha ya mfupa ule kwa kidole. Kwa kuku mchanga ncha hupinda kama sikio, kwa kuku mkubwa haipindi. Kama haipindi, ruka hadi sehemu ya kienyeji huko chini.

## Hatua ya 1: Yeyusha barafu mpaka tumboni

Hapa ndipo “damu kwenye paja” nyingi zinapozaliwa.

Mwaka jana nilimtoa kuku friza asubuhi, nikamweka juu ya meza. Saa nane mchana nilimgusa kifuani: laini. Nikampaka viungo, nikamwingiza. Baada ya dakika 50 ngozi ilikuwa na rangi ya kahawia ya kupendeza. Nilipotia mkono na kijiko tumboni, maji mekundu ya baridi yalimwagika kwenye sahani. Katikati, kule mgongo unapokutana na mapaja, palikuwa bado na kipande cha barafu, na firigisi zilikuwa ndani ya mfuko wao wa plastiki.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Kuku mzima hukaa kwenye sehemu ya kawaida ya friji saa 24, akiwa ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee mboga. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mzamishe kwenye maji ya bomba ya baridi, na ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Hesabu kama nusu saa kwa kila nusu kilo. Kuku wa kilo 1.5 atahitaji saa moja na nusu hadi mbili.

Usimwache mezani kutwa nzima, hasa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Nje anakuwa vuguvugu na vijidudu vinazaliana huku ndani bado ni jiwe.

Utajua umefaulu ukiingiza vidole viwili tumboni hadi mwisho ukakuta hakuna kigumu, na paja likachezeka kwenye kiungo chake. Toa firigisi, maini na shingo.

## Hatua ya 2: Pima na uandike

Mweke kuku kwenye mizani sasa hivi, akiwa hana barafu wala maji. Andika namba. Kuku wa kilo moja na kuku wa kilo 1.5 wanaweza kuonekana sawa machoni, lakini tofauti yao jikoni ni dakika 20 nzima.

## Hatua ya 3: Mkaushe

Najua kwa wengi wetu kuku hajawa chakula mpaka aoshwe kwa maji mengi na limau. Nilikuzwa hivyo. Lakini maji ya bomba yakigonga kuku mbichi huruka na vijidudu kama salmonela na kampilobakta hadi kwenye vikombe na kachumbari. Na limau haliviui. Kinachoviua ni moto.

Ukiona huwezi kuacha kuosha, mtumbukize kwenye beseni lenye maji yaliyotulia, mtoe taratibu, mwaga maji karibu na tundu la sinki, kisha osha sinki na mikono kwa sabuni. Manyoya yaliyobaki yang’oe kwa vidole.

Kisha mkaushe kwa taulo za karatasi: juu, chini ya mabawa, katikati ya mapaja, na ndani. Ngozi yenye maji haikauki; inapikika kwa mvuke kwanza, na dakika zako 10 zinaishia kukausha maji badala ya kuoka. Mtu akiniambia ngozi imetoka laini kama ya kuchemsha, swali langu la kwanza ni kama alimkausha.

Utajua umefaulu taulo ya mwisho ikitoka kavu.

## Hatua ya 4: Chumvi mapema, sukari mwishoni

Changanya chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari na mafuta. Ingiza vidole kati ya ngozi na kidari, uachanishe taratibu bila kuchana, upake viungo huko ndani. Vilivyobaki paka juu na tumboni. Mwache kwenye friji saa mbili hadi usiku mmoja. Chumvi inahitaji muda huo kuingia ndani na kuishika nyama isipoteze maji yake.

Ndimu iwe kidogo, na iingie saa mbili za mwisho. Ikilala humo usiku kucha, nyama ya juu inageuka kuwa ya ungaunga.

Asali, sukari, tomato sosi na sosi yoyote tamu: usipake mwanzoni. Kwa nyuzi joto 190 sukari inaungua dakika ya 10 au 12, nawe utamtoa kuku ukidhani ameiva kwa sababu amekuwa mweusi. Zipakwe dakika 5 za mwisho.

Mtoe kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka, si zaidi.

## Hatua ya 5: Washa mapema, na uangalie umeme wako

Washa eafraya tupu kwa nyuzi joto 180, dakika 5. Usiweke karatasi wala foili ndani wakati huu. Feni itaipeperusha hadi kwenye koili na itawaka.

Sasa jambo ambalo vitabu vinavyokuja na mashine havisemi. Eafraya nyingi ni za wati 1,400 hadi 1,700, na wati hizo zimepimwa kwa umeme kamili. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi, majiko na feni, umeme unaweza kushuka kutoka volti 230 hadi 200. Kwa jicho ni tofauti ndogo, lakini nguvu ya koili hupungua kwa karibu robo nzima, kwa sababu hufuata mraba wa volti. Mashine ya wati 1,500 inakuwa kama ya wati 1,130. Inachelewa kupata moto, na kila ukiivuta droo kuchungulia inachelewa kurudi pale ilipokuwa.

Kwa hiyo kama taa zinafifia, au feni ya dari inazunguka polepole kuliko kawaida, washa tupu kwa dakika 8 badala ya 5, na tarajia kuongeza dakika 5 hadi 10 kwa kuku mzima. Hii ndiyo maana kuku wa mchana aliiva na wa usiku, kwa dakika zilezile, hakuiva. Mashine yako ni nzima.

Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Waya mwembamba wa kuongezea, ule wa kuchajia simu, hupata moto na unaweza kuyeyuka. Ukiwa na shaka, gusa plagi baada ya dakika 10: ikiwa ya moto kiasi cha kutoa mkono, zima.

Wanaohesabu uniti: mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika 50 bila kupumzika itakula uniti 1.25. Kwa kweli hula pungufu ya hapo, maana koili hujizima na kujiwasha.

## Hatua ya 6: Panga kuku hewa ipite

Kuku mzima mlaze kifudifudi, kidari chini. Koili iko juu. Ukianza na kidari juu kitakauka wakati mapaja bado yanapata joto. Funga miguu kwa uzi wa pamba na uingize ncha za mabawa mgongoni zisiungue.

Vipande vipangwe safu moja, visigusane, ngozi ikiangalia chini kwanza. Kikapu kikijaa hadi vipande kupandana, hewa haizunguki na utapata kuku wa mvuke. Afadhali oka mikupuo miwili. Mkupuo wa pili punguza dakika 2 au 3, kwa kuwa mashine imeshashika moto.

Mwaga vijiko vitatu vikubwa vya maji chini ya kikapu, ndani ya droo. Mafuta yakidondokea kwenye maji hayatoi moshi.

## Hatua ya 7: Muda wenyewe

Kwa kuku mzima, kanuni ninayoitumia ni dakika 20 kwa kila nusu kilo, kwa nyuzi joto 180. Yaani:

- Kilo 1: dakika 40 hadi 45
- Kilo 1.2: dakika 48 hadi 52
- Kilo 1.5: dakika 60 hadi 65
- Kilo 1.8: dakika 70 hadi 75, kama kikapu kinamtosha

Kidari kikae chini kwa zaidi kidogo ya nusu ya muda. Kwa kuku wa kilo 1.2 nageuza dakika ya 30. Dakika 5 za mwisho napandisha moto hadi 200 ili ngozi ikauke na kutoa sauti ukiigonga kwa kisu.

Kuku aliyepasuliwa mgongo na kulazwa ndiye ninayempenda kuliko wote. Kata kwa mkasi pande zote mbili za uti wa mgongo, utoe, mgeuze, bonyeza kifua kwa kiganja mpaka usikie mfupa ukilia. Sasa kuku mzima ana unene mmoja, na mapaja yako juu yakipigwa na moto. Kilo 1.2 kwa nyuzi joto 190 ni dakika 35 hadi 40, ngozi ikiwa juu muda wote. Anahitaji kikapu kipana.

Kwa vipande:

- Nusu kuku, gramu 600 hivi: nyuzi joto 190, dakika 30 hadi 35
- Paja zima na mguu wake, kama lile la chipsi kuku, gramu 300 hadi 350: nyuzi joto 190, dakika 28 hadi 32
- Paja la juu lenye mfupa: nyuzi joto 190, dakika 22 hadi 26
- Mguu peke yake, chini ya goti: nyuzi joto 200, dakika 20 hadi 24
- Mabawa: nyuzi joto 200, dakika 20 hadi 22
- Kidari chenye mfupa, gramu 350 hivi: nyuzi joto 180, dakika 28 hadi 32
- Kidari kisicho na mfupa, gramu 200: nyuzi joto 190, dakika 15 hadi 18
- Mishikaki ya kuku, vipande vya ukubwa wa kiberiti: nyuzi joto 200, dakika 10 hadi 12. Vijiti vya mbao viloweke nusu saa kwanza.

Kidari kisicho na mfupa ni mnafiki: upande mmoja nene kama ngumi, upande wa pili mwembamba kama ulimi. Kifunike kwa plastiki, ugonge ule upande nene kwa chupa au mwiko mzito mpaka unene ulingane. Dakika moja ya kugonga inaokoa kidari kizima.

Vipande vilivyotoka friza bila kuyeyushwa vinaweza kuokwa. Ongeza nusu ya muda, na viungo vipake vinapoanza kulainika. Kuku mzima mwenye barafu usijaribu kabisa.

Ukifuata mapishi ya Marekani, angalia kama namba zake ni za Farenhaiti. Kwao 350 ni kama 177 yetu, 375 ni 190, na 400 ni 204. Nimeshakutana na mtu aliyesoma “165”, joto la ndani ya nyama kwa Farenhaiti, akaweka mashine kwenye 165 ya kwetu na kusubiri.

## Hatua ya 8: Geuza mara moja, acha kuchungulia

Kila ukivuta droo, joto linatoka. Vipande vigeuze mara moja tu, katikati ya muda. Kuku mzima mgeuze kwa koleo moja tumboni na mwiko chini ya mgongo. Mwinamishe kwanza ili maji ya moto ya tumboni yamwagikie kwenye droo, yasikumwagikie mkononi. Mvuke huo unaunguza vibaya.

Ncha za mabawa na miguu zikianza kuwa nyeusi mapema, zifunge kwa kipande kidogo cha foili kilichobanwa vizuri.

## Hatua ya 9: Pima ndani, usihukumu kwa rangi

Dakika tano kabla ya muda kuisha, ingiza sindano ya kipimajoto sehemu mbili. Ya kwanza ni katikati ya sehemu nene ya kidari. Ya pili ni ndani ya paja, pale linapoungana na mwili. Sindano isiguse mfupa. Mfupa una joto lake na utakudanganya.

Nyama ya kuku ni salama ikifika nyuzi joto 74 katikati. Hiyo ndiyo namba ya kidari. Lakini paja likiwa 74 bado linavutika, lina kamba. Liache lifike 80 hadi 85. Hapo zile nyuzi ngumu zinayeyuka, na nyama inaachia mfupa yenyewe. Hii ndiyo sababu ya kumlaza kifudifudi na sababu ya kumpasua mgongo: paja liende mbele, kidari kibaki nyuma.

Kidari kikifika 74 na paja bado ni 68, funika kidari kwa foili iliyobanwa chini yake, endelea kwa dakika 5, upime tena. Usiongeze dakika 20 kwa mkupuo mmoja kwa hofu. Tano, pima. Tano, pima.

Sasa ile “damu”. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa mdogo, mifupa yake haijakomaa, na uboho hupenya na kuipaka nyama ya karibu rangi nyekundu au ya zambarau. Kama aligandishwa, ndiyo zaidi. Nyama hiyo inaweza kubaki na wekundu hata kwa nyuzi joto 85, na ni salama kabisa. Kinyume chake pia hutokea: nyama nyeupe ambayo haijafika 74. Ndiyo maana nakazania kipimajoto.

Kama leo huna, tumia dalili tatu kwa pamoja, si moja. Choma kiungo cha paja na mwili kwa ncha ya kisu: maji yatoke meupe yasiyo na wekundu. Shika mwisho wa mguu uuzungushe: ugeuke kirahisi kwenye kiungo. Tazama kifundo cha mguu: nyama iwe imejivuta juu na kuacha mfupa wazi kama upana wa kidole. Moja ikikosekana, ongeza dakika 5.

Kipimajoto kipya kijaribu kwenye glasi ya barafu iliyojaa maji. Kisome 0 au karibu yake. Usikijaribu kwa maji yanayochemka kama unaishi Nairobi au Arusha, kwani huko juu maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 au 95, ukaja kudhani kipimo ni kibovu.

## Hatua ya 10: Mpumzishe kabla ya kumkata

Kuku mzima dakika 10 hadi 15, vipande dakika 5. Mweke kwenye sahani safi, mfunike kwa foili kwa ulegevu. Ukimbana, mvuke utailainisha ngozi uliyoihangaikia. Ukimkata papo hapo maji yote yataishia ubaoni. Wakati anapumzika, katia kachumbari yako.

Na mimina yale maji ya kwenye droo kwenye sufuria ndogo, ondoa mafuta ya juu, kamulia ndimu. Huo ni mchuzi wa bure, mtamu kuliko wa kopo.

## Kwa kuku wa kienyeji

Mkate vipande, mchemshe kwa moto mdogo na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka uma uingie kwenye paja bila kusukuma sana. Kwa wengi ni dakika 45 hadi saa moja, na jogoo mkubwa hufika saa moja na nusu. Sehemu za juu kama Arusha na Nairobi ongeza muda. Ukitumia jiko la presha, dakika 20 hadi 25.

Mtoe, mwache mvuke uishe, mkaushe kwa taulo, mpake mafuta na pilipili. Kisha nyuzi joto 200, dakika 12 hadi 15, ukigeuza mara moja. Hapa eafraya inakausha ngozi na kutia rangi tu. Kuiva kumeshamalizika kwenye sufuria. Supu iliyobaki itumie kwa pilau.

## Kuku wa kupaka bila mkaa

Wa Pwani wataniuliza, kwa hiyo namaliza nao. Mkaa una harufu yake na eafraya haina, ila kuku huyu anatoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Oka mapaja kwa muda wa kwenye orodha, ukitoa dakika 8. Pembeni pika tui zito pamoja na nyanya iliyosagwa, kitunguu saumu, pilipili mbichi na bizari, ukikoroga mfululizo lisikatike, mpaka ukichovya mwiko rojo libaki limeung’ang’ania mgongo wake. Tia ndimu baada ya kuepua. Tui jepesi usilitumie, litachuruzika lote kwenye droo.

Paka safu ya kwanza, oka dakika 4 kwa nyuzi joto 190. Geuza, paka safu ya pili nene, dakika 4 nyingine, mpaka uone madoa ya kahawia juu ya tui. Rojo lililobaki mwagia juu ya kuku wakati wa kula.

## Kilichobaki, na kikapu

Kuku aliyeiva asikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali saa moja. Friji itamhifadhi siku tatu hadi nne. Kumpasha: nyuzi joto 180, dakika 5 hadi 8, mpaka ndani arudi 74. Mnyunyizie matone ya maji kwanza kama ni kidari.

Kikapu kimwagie maji ya uvuguvugu na sabuni kingali na joto kidogo, kiache nusu saa, ukisugue kwa sponji laini. Ukipata nafasi, geuza mashine iliyopoa na kuchomolewa, utazame koili ya juu. Mafuta yaliyogandia pale ndiyo yanayotoa ule moshi wa bluu kila unapowasha. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuku anayefuata.